Kipindupindu kikiingia Malindi, maabara hujuaje kimetoka wapi?

Kipindupindu kikitangazwa Pwani utasikia maelezo mawili, kuna wanaosema kimezaliwa na uchafu wa mitaro na kuna wanaosema kimetoka baharini. Yote yana ukweli kiasi, ndio maana hayaishi. Uchafu unampa mdudu, yaani bakteria wa kipindupindu, njia, maji ya choo yakiingia kisimani basi mtaa mzima unaweza kuugua, lakini uchafu haumuumbi, mtaro utanuka miaka na miaka na asiugue mtu kipindupindu mpaka mdudu mwenyewe aletwe, na mara nyingi anayemleta ni binadamu. Na baharini jamaa zake wamo kweli, hasa maji chumvi yanapokutana na ya mto, sehemu za aina ya pale Sabaki inapomwaga, ila wengi wao hawana jeni za ile sumu inayomkausha mtu maji mwilini. Hao sio wanaojaza wodi.

Sasa atajulikanaje katoka wapi? Vipimo vya zamani vilitaja kundi tu, kwamba ni O1, na ndani yake ni aina ya Ogawa au ya Inaba, basi. Mlipuko wa Kenya na wa Bangladesh ungeweza kutoa jibu hilo hilo moja.

Ndio maana siku hizi wanasoma jenomu nzima, yaani maandishi yote ya urithi ya mdudu, herufi kama milioni 4 hivi. Chukulia tenzi zilivyokuwa zikinakiliwa kwa mkono kule Pate na Siyu: mwandishi akikosea herufi, atakayenakili kwake analibeba lile kosa na anaongeza lake, wa tatu anayabeba yote mawili. Ukizipanga nakala mezani, zile zenye kosa moja kwenye ubeti ule ule zina mama mmoja, na utajua ipi ilitangulia hata kama hakuna aliyeandika tarehe. Bakteria akijigawa ananakili jenomu yake na anakosea vivyo hivyo, na ukoo wa kipindupindu unaoleta milipuko huongeza makosa kama 3 kwa mwaka. Ni machache mno, lakini yanatosha kuchora shajara ya ukoo. Kinachovuruga ni kwamba bakteria hupeana vipande vya jeni, yaani mtu kachomeka kurasa za utenzi mwingine katikati, kwa hivyo vipande hivyo hutolewa kwanza ndio hesabu ianze.

Mwaka 2017 watafiti walilinganisha jenomu zaidi ya 1,000 wakakuta ukoo huu, ambao asili yake ni Asia, umeingizwa Afrika angalau mara 11 tangu 1970. Halafu ikaja Yemen. Sisi huku Lamu tumezoea kwamba vitu vinatoka Uarabuni kuja kwetu, lakini mdudu wa mlipuko mkubwa wa Yemen ulioanza 2016 alikuwa ametoka Asia Kusini akazunguka kwanza Afrika Mashariki, ndipo akaonekana kule! Hilo kipimo cha Ogawa kisingelisema kamwe.

Mashine zenyewe haziko mbali, hapo Kilifi kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome kilizitumia kusoma virusi vya korona. Lakini jenomu haitaji jina la mtu wala la chombo kilichomleta mdudu. Makosa 3 kwa mwaka ni machache mno kuonyesha nani kamwambukiza nani wiki iliyopita, na kama kuna mji njiani ambao sampuli hazikuchukuliwa, shajara itauruka kana kwamba mdudu hakupita hapo.