Dayalisisi ya tumbo: kwa nini cheti hakitolewi kwa kuhudhuria semina

Malalamiko mawili yanakifikia kitengo chetu cha mafunzo mara kwa mara. Ndugu wa wagonjwa wanauliza kwa nini mgonjwa wao "amejazwa maji tumboni" badala ya kupelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Hospitali nazo zinauliza kwa nini muuguzi aliyehudhuria semina hapewi cheti siku hiyo hiyo.

La kwanza halina mjadala mrefu. Figo zikigoma ghafla, hasa kwa mtoto, damu husafishwa vizuri kupitia utando wa tumbo, bila mashine wala umeme: maji maalumu huingizwa tumboni, hukaa yakivuta taka kutoka kwenye damu, kisha hutolewa. Hospitali ya KCMC ya Moshi ilianza kuwahudumia hivyo wagonjwa wa dharura zaidi ya miaka 10 iliyopita. Si tiba ya wasio na pesa, tumelisema hili mara nyingi.

La pili ndilo zito, kwa sababu daktari huweka katheta (mrija unaoingia tumboni) mara moja, lakini maji hubadilishwa usiku na mchana, na anayeyabadilisha ni muuguzi. Mtoto wa kilo 8 huanzishiwa mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo, yaani 80 hadi 160 kwa mzunguko (kujaza na kutoa mara moja). Zikiingia 160 zikatoka 120, zimebaki 40. Mizunguko sita ya namna hiyo inaacha mililita 240 za ziada, tumbo linasukuma juu kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na mtoto anaanza kuhema. Kwa hiyo mfuko unapimwa kwa mizani kila mzunguko na chati inajazwa papo hapo. Kukadiria kwa macho hatukubali.

Maji yakigoma kutoka, angalia kwanza klampu (kibanio cha mrija) na mikunjo ya mrija, mgeuze mgonjwa ubavu, kisha uliza alipata choo lini, maana utumbo uliojaa hubana katheta. Ukiona nyuzi nyeupe, mwite daktari. Kwa kawaida ataagiza heparini, dawa ya kuzuia kuganda, yuniti 500 kwa kila lita ya maji ya kujaza.

Pasipo mifuko ya kiwandani, lita 1 ya Ringer laktati (maji ya dripu) huongezwa mililita 30 za dekstrozi (sukari) ya asilimia 50, ili kupata sukari ya takriban asilimia 1.5. Kila sindano inayotoboa mfuko ni mlango wa vijidudu, kwa hiyo kazi hii inafanywa na mtu mmoja asiyeitwa huku na kule, feni imezimwa, barakoa usoni, na mfuko unatumika mara moja. Upashwe joto ukiwa mkavu. Ukiuzamisha kwenye beseni la maji moto unalowesha sehemu ya kuunganishia, na kinacholowa hapo huishia tumboni. Kabla ya kujaza, mimina kiasi kidogo kwenye mfuko wa taka ili kuosha mrija.

Ndiyo maana cheti husubiri mtihani wa vitendo, ambapo mkufunzi husimama kando na orodha. Ukigusa ncha ya mrija, unaanza upya. Ukimaliza bila kosa lakini hukunawa mikono ipasavyo, pia unaanza upya. Hakuna kupita kwa huruma.

Wakuu wa wodi wakumbuke pia kwamba muuguzi anayepangiwa kazi hii awe na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Uzembe ukithibitika, Baraza linaweza kutoa onyo, kumsimamisha au kumfuta kwenye daftari, na "niliagizwa na bosi" si utetezi. Zamu ya usiku isiyo na aliyefuzu iripotiwe kwa maandishi kabla ya zamu kuanza.

Ndugu wa mgonjwa, tafadhali msifungue klampu hata kama mfuko umejaa; iteni muuguzi. Na maji yaliyotoka yakiwa na ukungu, msiyamwage. Tunayahitaji maabara: seli nyeupe zaidi ya 100 kwa mikrolita, zaidi ya nusu yake zikiwa nyutrofili (aina ya seli nyeupe zinazopambana na bakteria), baada ya maji kukaa tumboni angalau saa 2, zinaashiria uambukizi wa utando. Antibayotiki inaanzwa siku hiyo hiyo, mara tu sampuli ikishachukuliwa, bila kusubiri majibu ya kuotesha vijidudu.