Ukimtetea mwanao: nguvu kiasi gani sheria inakuruhusu

Swali hili huja karibu kila tunapokwenda kutoa elimu ya sheria mitaani, na mara nyingi huulizwa na mama aliyekaa nyuma, aliyewasubiri wanaume wamalize habari zao za viwanja na mirathi. Anasimama, anajifunga khanga vizuri, anauliza: "Mwanasheria, nikimkuta mtu anamfanyia mwanangu ubaya, nimfanye nini nisifungwe?" Watu wote hunyamaza. Kila mzazi pale ameshalijibu moyoni mwake, na majibu mengi ni ya damu.

Nianze na habari njema, maana wengi hawaijui. Sheria ya Tanzania Bara haikuamuru usimame kando upige kelele tu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 (namba ninazotumia ni za Toleo la 2022), katika kifungu cha 18A inampa kila mtu haki ya kujitetea na ya kumtetea mtu mwingine yeyote dhidi ya kitendo kisicho halali, shambulio au ukatili wa mwili. Soma tena maneno hayo: mtu mwingine yeyote. Si lazima awe mtoto uliyemzaa. Mtoto wa dada yako, wa mpangaji mwenzio, hata yule usiyemjua jina aliyekukimbilia sokoni akilia, wote wanaingia humo.

Kifungu cha 18C kinakwenda mbali zaidi. Kinasema haki hiyo inaweza kufika hadi kusababisha kifo au madhara makubwa ya mwili, pale mtetezi anapoamini kwa dhati, na kwa sababu za msingi, kwamba bila kufanya hivyo maisha au viungo vya mtu viko hatarini. Na mambo yanayotajwa humo ni yale yale yanayomkosesha mzazi usingizi: tishio la kuuawa, kubaka au kunajisi, kuteka mtu, uvunjaji wa nyumba usiku, unyang'anyi, kuchoma nyumba moto. Tena kuna kifungu kidogo ambacho hata baadhi yetu wa taaluma hii hukisahau: ikiwa huwezi kujitetea au kumtetea mwingine bila kuhatarisha mtu asiye na hatia aliye karibu, sheria inakuruhusu kuibeba hatari hiyo.

Kwa hiyo mama wa nyuma ana haki, na ni haki pana. Tabu inaanzia kwenye kifungu cha 18B, ambacho ningetamani kila mzazi akijue kama anavyojua ratiba ya chanjo za mwanawe. Kinasema unaruhusiwa kutumia nguvu ya kadiri inayohitajika kwa utetezi huo, basi. Ukizidisha, utawajibika kwa kosa lolote litakalotokana na hiyo ziada. Na ziada hiyo ikiua, kosa lako ni kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha.

Kadiri ni kiasi gani? Hakuna mahakama inayomtaka mzazi apime mapigo kwa mizani huku mwanawe analia. Anayeshambuliwa hufikiri kwa sekunde, na majaji wanalijua hilo. Nguvu inapimwa kwa hatari iliyokuwepo, mshambuliaji ni nani na ameshika nini, mtoto yuko wapi, na wewe ulikuwa na njia gani mkononi. Mama mwembamba anayepambana na mwanaume wa miraba minne anaweza kuhitaji mchi. Mwanaume huyo huyo akimtenganisha kijana wa miaka kumi na miwili aliyempiga mwanawe kwenye mpira, mchi hauna kazi hapo, na hata kofi litamletea maswali.

Lakini miaka niliyokaa kwenye meza ya msaada wa kisheria imenifundisha kwamba wazazi wachache sana hukosea kwenye ukubwa wa pigo. Wengi hukosea kwenye saa.

Tuseme ni saa mbili usiku. Baba anasikia kilio chooni, uani. Anasukuma mlango na kumkuta kijana wa nyumba ya pili na binti yake wa miaka saba. Anachukua mpini wa jembe uliokuwa ukutani, anampiga wa bega, wa mkono, wa mgongo, mpaka yule anamwachia mtoto. Mpaka hapo sheria iko upande wake, hata kama mkono umevunjika. Kijana anaruka ukuta. Mtoto yuko mikononi mwa mama yake. Sasa kitendo kilichokuwa kikizuiwa kimezuiwa, na haki ya utetezi imemaliza kazi yake. Baba anaruka naye ukuta, anapiga yowe, bodaboda wawili wanaungana naye, wanamdaka kijana karibu na mashine ya kusaga, na hapo kinachotokea kila mmoja wetu amekiona au amekisoma.

Kumfukuza si kosa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu raia kumkamata mtu aliyetenda kosa zito mbele ya macho yake, kwa sharti la kumkabidhi polisi bila kuchelewa na kumzuia kwa kiasi cha kutosha asitoroke tu. Mfunge mikono kwa kamba, mkalishe chini, piga simu. Akichomoa kisu mkiwa mnamkamata, haki ya kujihami inarudi palepale. Lakini mtu aliyelala chini ameshikwa na watu sita hamshambulii mtoto yeyote. Kila pigo baada ya hapo ni adhabu, na kutoa adhabu si kazi ya mzazi wala ya mtaa.

Kesi mbili za nje zinaonyesha tofauti hii ya saa vizuri kuliko mfano wangu. Juni 2012, katika kaunti ya Lavaca, Texas, baba mmoja alimkuta mtu akimdhalilisha kingono binti yake wa miaka mitano. Alimpiga kwa ngumi, yule mtu akafa. Baba mwenyewe ndiye aliyepiga simu ya dharura akiomba gari la wagonjwa lije haraka. Baraza la raia linaloamua kama mtu ashtakiwe lilikataa kumfungulia mashtaka. Sasa nenda Lübeck, Ujerumani, 6 Machi 1981. Mama aliyeuliwa binti yake wa miaka saba aliingia mahakamani na bastola na kumpiga risasi mshtakiwa akiwa kizimbani. Nchi nzima ilimlilia, na nani asingemlilia? Hata hivyo mwaka 1983 alihukumiwa miaka sita kwa kuua na kwa kuwa na silaha bila kibali. Uchungu wake haukuwa mdogo kuliko wa yule baba wa Texas. Hatari ndiyo ilikuwa imekwisha siku nyingi.

Kwetu hapa kuna mlango mmoja kwa aliyepandwa na ghadhabu ghafla. Vifungu vya 201 na 202 vinasema anayeua kwa kughadhibishwa, kabla damu haijapoa, ametenda kosa la kuua bila kukusudia. Na sheria inataja kwa jina ubaya unaofanywa kwa mtu ambaye una uhusiano naye wa mzazi na mwana. Kipimo chake ni mtu wa kawaida wa jamii unayotoka. Ila huo ni mlango wa kupunguza kosa tu, haukupeleki nyumbani. Na ukienda kula chakula cha jioni, ukarudi na panga, hata mlango huo umeufunga mwenyewe.

Nikae kidogo kwenye umati, maana hapa ndipo roho inaniuma zaidi. Magazeti yetu yamezoea kuandika "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hasira ni mtu mmoja asiye na sura. Polisi hawamkamati "hasira kali". Wanamkamata yule aliyepiga yowe, na mara nyingi huyo ni mzazi. Uvumi wa wateka watoto ukienea, kila mgeni anayesimamisha gari kuuliza njia huwa mshukiwa. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, watafiti wawili kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian cha Arusha pamoja na dereva wao waliuawa na wanakijiji waliodhani ni wanyonya damu. Walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Sheria inasamehe kosa la kudhani, ikiwa ulidhani kwa dhati na kwa sababu za msingi: ukimkuta gizani mtu kitandani kwa mwanao, ukampiga, kumbe ni mjomba aliyefika usiku na kuelekezwa chumba hicho, utapimwa kwa hali kama ulivyoiamini. Kelele za mtu usiyemwona, kwamba "ni yule pale", sioni mahakama ikiziita sababu za msingi.

Kuna wakati mzazi hana haki hii kabisa, kwa sababu anachokizuia ni halali. Askari aliyefuata taratibu kumkamata mwanao wa miaka kumi na sita hafanyi shambulio. Ukimvaa, utaunganishwa na mwanao kituoni. Nenda naye, dai kuwepo anapohojiwa.

Habari ya mwalimu ina pande mbili. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, Tangazo la Serikali Namba 294 la 2002, zinaweka ukomo wa viboko vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe daftarini. Ukifika ukamkuta mwalimu anampiga mtoto mateke au fimbo ya kumi, kitendo hicho si halali na una haki ya kuingia kati: mshike mkono, mnyang'anye fimbo, mchukue mwanao. Ukienda kesho yake kumsubiri getini na rungu, hilo ni shambulio la kudhuru mwili, kosa linalofikia miaka mitano jela. Na kesi nzuri uliyokuwa nayo dhidi ya mwalimu itageuka kuwa kesi mbovu dhidi yako.

Wasomaji wa Unguja na Pemba wana sheria yao, Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018, wasitegemee namba za vifungu ninazozitaja hapa. Kenya, kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya huko kinaelekeza kwenye misingi ya sheria ya Uingereza iliyojengwa na hukumu za mahakama (common law). Msingi mmoja wa kale humo ni kesi ya mwaka 1884 ya kijana aliyempiga risasi baba yake akiamini anamkata koo mama yake. Baraza la raia lililoamua kesi hiyo lilimwachia huru.

Ikifika mahakamani, si kazi yako kuthibitisha kwamba ulijihami. Ukileta maelezo yanayozua shaka ya msingi, ni Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inayotakiwa kuyavunja. Kupima kama ulikusudia kuua, mahakama zetu hutumia vigezo vya Mahakama ya Rufani katika Rufaa ya Jinai Namba 150 ya 1994: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno yaliyotamkwa, na mwenendo wa mtu kabla na baada ya tukio. Pima mwenyewe uzito wa yowe la "ueni!" mbele ya mashahidi ishirini. Pima pia uzito wa kuita bajaji impeleke yule mtu hospitali.

Na jambo ambalo familia hulitambua zikiwa zimechelewa: shtaka la mauaji ya kukusudia halina dhamana. Hata kama mwisho wa yote utaonekana hukukusudia, au huna hatia kabisa, utausubiri mwisho huo ukiwa mahabusu. Nimewahi kukaa na mama aliyekuwa akimleta binti yake kumtazama baba gerezani kila mwezi. Binti alikuwa ameacha kuongea. Aliamini kwamba baba amefungwa kwa sababu yeye alisema kilichompata.

Kwa hiyo tukio likishapita, mpe mtoto maji ya kunywa, umfunike, lakini usimwogeshe wala kufua nguo zake hata kama moyo unakusukuma. Zifunge kwenye karatasi au mfuko wa karatasi. Nenda kituo cha polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, upewe PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kisha hospitali. Usiku wa manane bila msaada, namba 116 ni ya simu ya watoto, bila malipo. Wewe mwenyewe ukihojiwa kama mtuhumiwa, una haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili au ndugu wakati wa kuandika maelezo ya onyo, yaani yale polisi wanayoyaandika baada ya kukuonya kwamba yanaweza kutumika dhidi yako. Ukiamua kusema, sema kwa mpangilio wa matukio: nilisikia nini, nikaona nini, alikuwa amemshikaje mtoto, nilishika nini na nilikipata wapi, niliacha kupiga wakati gani.

Wazazi wengi huniambia wanampiga mtu mpaka kufa kwa sababu "mahakamani ataachiwa, mtoto hataaminiwa". Sheria ya Ushahidi ilishabadilika. Tangu marekebisho ya 2016, mtoto asiyezidi miaka kumi na minne anatoa ushahidi kwa kuahidi tu kusema kweli na si uongo. Na katika makosa ya kujamiiana, mahakama ikiridhika kwamba mtoto aliyedhuriwa anasema kweli, ushahidi wake peke yake unatosha kumtia mtu hatiani. Kumbaka mtoto ni miaka isiyopungua thelathini. Akiwa chini ya miaka kumi, ni kifungo cha maisha. Ila kwa hayo yote kutokea, binti anahitaji mshtakiwa aliye hai kizimbani, na baba yake akiwa amekaa upande wa mashahidi.