"Kubali kosa uende nyumbani": si kweli

"Ukifikishwa kortini, kubali tu kosa, hakimu atakuachilia siku hiyo hiyo." Ujumbe huu haukauki kwenye magrupu ya Kenya, na unapotosha.

Ukitamka "ni kweli" kizimbani, huandikwa kwamba umekiri. Kisha kiongozi wa mashtaka husoma maelezo ya kisa. Ukiyakubali nayo, unatiwa hatiani, na kilichobaki ni adhabu. Hapo hata rufaa inakuwa finyu: kifungu cha 348 cha sheria ya taratibu za kesi za jinai (Sura ya 75) kinakuachia kupinga ukubwa au uhalali wa adhabu tu.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Wenye makosa madogo hukiri, wakalipa faini, wakaenda zao, na kukiri huweza kupunguza adhabu. Lakini kinachokutoa rumande kesi ikiendelea ni dhamana, nayo haidai ukiri chochote. Jisomee Ibara ya 49 na ya 50 za Katiba ya 2010: unaweza kunyamaza, kuchagua wakili, na kupewa ushahidi mapema. Halafu tazama kifungu kilichoandikwa kwenye hati ya mashtaka, ujue adhabu yake kabla hujajibu lolote.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.