Kodeki ni nini, na kwa nini kompyuta inagoma kucheza DVD

Shangazi yangu wa Tandika alikuja na DVD ya harusi ya binti yake, kaizungushia kanga. Fundi mmoja alishamwambia diski imekufa. Nikaitia kwenye laptop: inazunguka, inafunguka, ndani kuna folda ya VIDEO_TS yenye mafaili ya VOB, mengine yanakaribia GB 1. "Shangazi, hii nzima kabisa," nikamwambia. Kilichokosekana ni kodeki.

Kodeki ni kipande cha programu kinachojua kubana picha na sauti, kisha kuzikunjua tena wakati wa kutazama. Kwa nini zibanwe? Piga hesabu. DVD ya mfumo wa televisheni uitwao PAL, ambao ndio wetu, huonyesha picha 25 kwa sekunde. Zikiachwa bila kubanwa, sekunde moja inakula takriban MB 20, na diski ya kawaida ya GB 4.7 ingejaa kabla ya dakika nne. Maharusi hata ukumbini hawajaingia! Kwa hiyo picha hubanwa kwa mtindo uitwao MPEG-2, na sauti mara nyingi kwa AC-3. Kompyuta yenye kodeki za mitindo hiyo inaonyesha harusi. Isiyo nazo inaonyesha majina ya mafaili tu.

MPEG-2 ilikuwa na hataza, yaani haki ya wavumbuzi wake, na aliyeiweka kwenye bidhaa yake alilipia. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, Microsoft waliacha kuiweka kwenye kichezeshi chao cha kawaida. Ndiyo maana laptop ya miaka hii, hata ukiiunganishia kisomaji cha DVD cha USB kutoka Kariakoo, inaweza kukugomea.

Dawa yake ni VLC, programu ya kuchezesha video na sauti. Ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, na tangu 2001 msimbo wake uko wazi kwa leseni ya GPL. Huilipii, haiishi muda baada ya siku 30, na kwa kuwa ni programu huria, yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuirekebisha na kuigawa. Kodeki zake zimo humo humo. Ina MB 40 na kitu, bando dogo linatosha. Ila andika mwenyewe videolan.org, ukibofya tangazo la kwanza unaloliona, unaweza kuletewa VLC iliyochanganywa na takataka.

Filamu za kampuni kubwa zina jambo la ziada: kufuli liitwalo CSS, na namba ya kanda, yaani sehemu ya dunia ambako diski imekusudiwa kuchezwa. Tanzania tuko kanda ya 5. Kufuli hilo VLC hulifungua, lakini kanda wakati mwingine husumbua, kwa sababu inakaa kwenye kisomaji chenyewe na hubadilishwa mara tano tu. DVD za harusi kwa kawaida hazina vikwazo hivyo.

Tulipomaliza kusakinisha, nikabonyeza Ctrl na D, kisha Play. Matarumbeta yakalia, shangazi akavuta kiti. Alipokuwa anatazama mara ya pili nilikuwa nimeshanakili folda nzima ya VIDEO_TS kwenye flashi, maana diski za kuchomwa hufifia kadiri miaka inavyokwenda, na VLC huicheza folda hiyo hata bila diski.