Maji ya chumvi hayatoi sodiamu kwenye kathodi

Katika madaftari ya kidato cha tatu na cha nne hapa Kigoma, jibu moja halikomi: umeme ukipita kwenye maji ya chumvi, sodiamu hujikusanya kwenye kathodi, yaani kijiti kilichoungwa upande hasi wa betri. Si kweli. Kinachokera ni kwamba jibu hili linatokana na sentensi sahihi iliyokaririwa nusu: ioni chanya (chembe zenye chaji chanya) huenda kathodi. Huenda, ndiyo. Lakini kufika si kupokea elektroni.

Pale kathodi, Na⁺ (ioni ya sodiamu) hushindana na maji. Potensheli, yaani kipimo cha wepesi wa kupokea elektroni (ikiwa hasi zaidi, ni vigumu zaidi), ya sodiamu ni −2.71 V, ya maji, hata kwenye alkali kali, ni kama −0.83 V tu. Maji ndiyo hupokea elektroni: 2H₂O + 2e⁻ → H₂ + 2OH⁻. Na⁺ hubaki pamoja na OH⁻, nawe unapata sodiamu haidroksaidi, ambayo ni alkali.

Wakibanwa, wengine hujitetea kwamba sodiamu hutokea kwanza, kisha huungana na maji haraka. Hapana! Haitokei kabisa. Hata ukiongeza betri, haidrojeni hutoka kwa kasi zaidi, basi. Ukitaka sodiamu, ondoa maji: yeyusha chumvi kavu, ambayo huyeyuka kwenye 801 °C. Viwandani huchanganywa na kalsiamu kloraidi ili joto lishuke hadi karibu 600 °C.

Jaribu mwenyewe badala ya kukariri. Yeyusha gramu 30 za chumvi katika mililita 100 za maji, unga betri nne za 1.5 V kwa mfululizo, tumia vijiti vya kaboni vya betri zilizokwisha, na dondoshea fenolfthalini, kiashiria kinachogeuka waridi kwenye alkali. Waridi litaanzia kathodi. Kama huna fenolfthalini, maji ya choya hugeuka kijani upande huo. Upande wa anodi (kijiti kilichoungwa upande chanya wa betri) hutoka klorini, nayo huyafifisha rangi. Usikoroge, maana klorini ikikutana na alkali hutengeneza dawa ya kung'arisha nguo na matokeo yanavurugika. Usiweke msumari kwenye anodi: chuma chenyewe kitaliwa, nawe hutaona klorini. Fungua madirisha na uzime baada ya dakika chache, kwa kuwa klorini ni sumu.

Wapo wanaosema umeme ndio unaovunja chumvi kuwa ioni. Punje ya chumvi ni ioni tangu mwanzo. Maji huziachia tu zitembee. Wala elektroni haziogelei kwenye myeyusho: nyayani ndizo hubeba umeme, ndani ya maji ni ioni.

Klorini nayo haitoki daima. Chumvi ikiwa kidogo sana, anodi hutoa oksijeni zaidi. Kwa hiyo swali likisema "myeyusho wa chumvi" bila kutaja chumvi ni kiasi gani, andika majibu yote mawili na sababu zake.

Na kuchemsha maji ya chumvi ya chemchemi za Uvinza, hapa Kigoma, hadi chumvi ibaki si elektrolisisi, yaani kuvunja kitu kwa umeme. Maji huondoka kama mvuke, Na⁺ na Cl⁻ hujipanga upya kuwa fuwele, na hakuna ioni inayopata wala kupoteza elektroni.