Je, kisu huamsha saratani?

Wengi husema uvimbe ukishaguswa kwa kisu au sindano, saratani huamka na kusambaa. Imani hii ina chimbuko: mgonjwa aliingia kwenye upasuaji akitembea, miezi michache baadaye akazikwa.

Ila saratani huwa haijalala. Seli ya kawaida hugawanyika mwili unapohitaji, kisha husimama. Ile ambayo jeni zake zimepata hitilafu kadhaa hukosa breki, hugawanyika tu. Uvimbe wa sentimita 1 huwa na mamia ya mamilioni ya seli, hata kufikia bilioni, na mara nyingi umejijenga kwa miaka kabla ya kupapaswa. Wagonjwa wetu wengi hufika hospitali hatua ya 3 au ya 4, yaani saratani ikiwa tayari imeenea. Kisu hukuta mambo yameshaharibika, lawama zikakiangukia.

Ni kweli sindano ya kuchukua kipande kidogo cha uvimbe kwa ajili ya vipimo inaweza kuburuta seli za saratani, lakini ni nadra. Uvimbe wa korodani, kwa mfano, madaktari huepuka kuuchoma sindano kwa sababu hiyo.

Ukisikia kisa cha namna hiyo, uliza: kabla ya upasuaji, ripoti iliandika hatua ya ngapi? Tarehe za picha na majibu ya maabara zitaonyesha kipi kilitangulia: kusambaa kwa saratani au kisu.