Je, wajua kwa nini mwaka 2028 unawanyima usingizi wenye shule za private?

Kaa na mmiliki wa shule ya private hapa Tanzania, yule anayepiga hesabu zake vizuri, umuulize shule itakuwaje miaka mitano ijayo. Hatakimbilia habari za jengo jipya wala basi jipya. Atakutajia 2028. Wazazi wengi hawajui huo mwaka una nini, na nadhani ni haki yao kujua, mtoto awe private au awe Kayumba, yaani shule ya serikali.

Iko hivi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeondoa darasa la saba. Msingi inakuwa miaka 6, halafu sekondari miaka 4, na yote hiyo 10 ni lazima. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na kati ya walioanza nao walikuwa darasa la tatu, sasa hao ukiwahesabia wanafika la sita 2027 na wanamaliza hapo hapo. Lakini waliokuwa la nne mwaka ule wa 2024 walibaki na utaratibu wa zamani, kwa hiyo nao wanamaliza la saba, 2027 hiyo hiyo. Yaani madarasa mawili yanaaga shule mwaka mmoja.

Wengi wakisikia hivyo wanawaza sekondari tu, kwamba Januari 2028 fomu wani itafurika. Ni kweli itafurika. Ila mimi naona anayeumia kimya kimya ni mwenye shule ya msingi. Chukua shule yenye mkondo mmoja, yaani chumba kimoja tu kwa kila darasa, la kwanza mpaka la saba, kila darasa watoto 45 ambacho ndicho kiwango cha serikali kwa shule ya msingi. Jumla ni watoto 315. Kila mwaka wanatoka 45 juu, wanaingia 45 chini, maisha yanaenda. Sasa mwisho wa 2027 wanatoka 90, Januari wanaingia 45 wale wale wa kila siku, shule inabaki na 270. Na sio pengo la mwaka mmoja kwamba utavumilia litapita, hapana, kuanzia hapo shule ina madarasa sita na ada ya madarasa sita. Moja ya saba ya ada ya msingi imeondoka wakati mlinzi yuleyule, dereva yuleyule, rejesho la benki lilelile, na chumba kimoja kimebaki kitupu.

Jibu la haraka ambalo kila mtu analitoa ni "si waongeze mkondo". Jamani, kuongeza mkondo sio kufungua chumba kimoja. Ukipokea darasa la kwanza B leo, mwakani hao watoto wanataka la pili B na la kwanza A na B wengine wapo nyuma yao, na inaendelea hivyo mpaka ufike la sita. Chumba kimoja ulichobakiza kinakutosha mwaka wa kwanza tu, vingine vitano unavijenga kimoja kila mwaka, na ukikwama katikati unamwambia mzazi nini? Ampeleke wapi mtoto wa darasa la nne? Halafu kuna vyoo, kitu ambacho watu wanakisahau mpaka wathibiti ubora wafike getini: kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Mkondo mzima wa watoto 270, tuseme nusu kwa nusu, ni matundu 7 ya wasichana na 6 ya wavulana, na yote hayo yanataka maji.

Na walimu. Hapa ndipo mipango mingi inapokufa. Shule inaajiri mwalimu mzuri wa hisabati, inamzoesha, wazazi wanampenda, halafu ajira za serikali zinatoka katikati ya muhula na mwalimu anaondoka, na huwezi kumlaumu kwa sababu kule kuna uhakika wa kazi na pensheni. Shule inayojipanga kukua bila kutenga hela ya kuwabakiza walimu wake, kwa maoni yangu, inapanga majengo tu.

Wengine wanasema watageuza, wafungue sekondari ili wawabakize watoto wao wenyewe. Wazo zuri, lakini sekondari inasajiliwa peke yake, inataka maabara za fizikia, kemia na baiolojia, na haiwezi kupangwa Oktoba 2027. Pia kuna mtego: lile kundi kubwa la 2028 litakuwa fomu foo 2031, likishaondoka idadi inarudi ya kawaida. Aliyejenga mabweni kwa kipimo cha lile kundi atabaki na vitanda vitupu na mkopo. Na bweni zenyewe tumeshaona, 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, shule zilizokuwa zimewekeza kwa wadogo zikabidi zifikirie upya.

Wenzetu Kenya walishapitia hili. Mwisho wa 2022 walimaliza darasa la nane wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 na gredi ya sita wa mtaala mpya wa CBC kwa pamoja, na wao wakaamua gredi ya saba ibaki kwenye shule za msingi. Msongamano ukaepukwa, lakini 2025 sekondari hazikupata fomu wani kabisa, kwa sababu KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, ya mwisho ilikuwa 2023, na wale wa CBC wanaingia sekondari ya juu kwenye gredi ya kumi, ambayo ikaanza Januari 2026. Fikiria shule ya private inayoishi kwa ada, mwaka mzima haina darasa la kuingia.

Kwa hiyo wanaofanya vizuri naona wanaanzia chini. Wanaongeza chekechea kwanza, watoto 25 kwa darasa, wanaangalia wangapi wanabaki mpaka la kwanza, ndipo wanaamua mkondo B, na ile hela ya ujenzi inawekwa akaunti yake isiguswe na mishahara.

Kama mwanao anamaliza 2027, iwe la sita au la saba, nenda ofisini uulize mambo mawili: shule imeshaongea na sekondari gani kuhusu nafasi za 2028, na ada ya wadogo zake itapandaje baada ya darasa kupungua. Uliza mapema, sekondari nzuri hazitasubiri matokeo yatoke ndipo zianze kupokea maombi.